Kinaya cha Kamera katika Video ya "This Is America"

Katika fasihi andishi, kinaya huzuka pale maneno yanaposema hili na maana ikawa lile. Katika video ya muziki, kazi hiyo hutendwa na kamera. Makala haya yanadhihirisha hoja hiyo kwa kurejelea "This Is America" (2018) ya Childish Gambino wa Marekani, iliyoongozwa na Hiro Murai.

Mbinu ya kwanza ni mgawanyo wa picha. Mbele, msanii anacheza ngoma na vijana waliovalia sare za shule. Nyuma yao watu wanakimbizana kwa vurugu. Kamera inamwandama mchezaji kwa muda mrefu bila kukatizwa. Hivyo jicho linafuata ngoma na kuyapuuza maafa.

Mbinu ya pili ni ulinganuzi. Mtu Mweusi anapopigwa risasi, bunduki inapokelewa kwa kitambaa chekundu ilhali maiti inaburutwa sakafuni. Picha inauliza: kipi kinachothaminiwa, silaha au uhai? Vivyo hivyo, wanakwaya wanapomiminiwa risasi, wengi hukumbuka mauaji ya waumini 9 Weusi kanisani Charleston mwaka 2015.

Huenda ikadaiwa kwamba ngoma hiyo ni pambo tu. Hatuafiki. Ngoma ndiyo hoja yenyewe: mtazamaji aliyeburudika amekwisha kushiriki katika kupuuza dhuluma. Mhakiki atakayechambua maneno ya wimbo pekee ataukosa ushahidi huo.