Dondoo muhimu: Kumweleza mtoto hali yake

Mmetoka kliniki Kitale au Bungoma, na mtoto amebainika kuwa na usonji, kifafa, au shida ya kutulia na kuwa makini. Mweleze mapema, kabla hajasikia minong'ono ya majirani.

• Anza na anachokijua. "Unakumbuka kelele za soko la Chwele zilivyokuchosha?" Kisha taja jina la hali yenyewe.

• Tumia lugha ya nyumbani, iwe Kibukusu, Kisabaoti au Kiswahili. Wa miaka 5 hutosheka na sentensi mbili. Wa miaka 12 atauliza mengi. Mjibu ukweli.

• Ondoa lawama. Mwambie wazi: hukukosea, hukurogwa, wala si laana ya ukoo. Kifafa hakiambukizi.

• Semeni kauli moja. Keti kwanza na baba, kukhu (nyanya yake) na ndugu zake, asije mmoja akamwambia ni mapepo.

• Taja uwezo wake na msaada uliopo. Kama ni dawa za kifafa, mweleze kazi ya dawa hizo na kwa nini haziachwi bila ushauri wa daktari.

• Usipojua jibu, sema, "Tutamuuliza daktari pamoja."

• Shirikisha shule. Ulizia kituo cha serikali cha kupima mahitaji ya elimu, EARC; Kenya ilianza kufungua vituo hivi mwaka 1984.

Mazungumzo haya hayaishi siku moja. Mzazi, yarudie kadiri mtoto anavyokua, na umsikilize zaidi kuliko unavyosema.