SOMO: MABADILIKO YA PROGRAMU ZA HESABU KWA MSAADA WA AKILI MNEMBA

Somo hili limekusudiwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi ambavyo vimeacha leja za karatasi, au viko njiani kuziacha, na kutunza hesabu za wanachama katika kompyuta. Programu ya hesabu haikai kama ilivyonunuliwa. Mkutano Mkuu hupitisha ushuru mpya, benki hutaka orodha ya malipo kwa mpangilio mwingine, na kila mara programu nayo yapasa kubadilishwa. Zamani kazi hiyo ilimngoja fundi. Tangu mwaka 2021, kampuni ya GitHub ilipotoa msaidizi wake aitwaye Copilot, na hasa tangu mwaka 2025, mafundi wamepata wasaidizi wa akili mnemba ambao huelezwa kwa maneno ya kawaida kinachotakiwa, nao huandika maagizo ya programu, huyaendesha na kuyasahihisha. Kazi ya juma zima yaweza kuonekana imekwisha kabla ya chai ya saa nne.

Neno "kuonekana" limetumika kwa makusudi. Katika uchunguzi uliotangazwa Julai 2025 na shirika la METR la Marekani, mafundi wazoefu 16 walifanya kazi 246 katika programu walizozifahamu vyema. Walipotumia wasaidizi hao walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na hata baada ya kumaliza waliamini kuwa wameokoa asilimia 20 ya muda. Zana za sasa zimeendelea kuliko zile. Hata hivyo ni dhahiri kwamba hisia ya fundi si kipimo cha kazi yake.

Basi kazi ianzie wapi? Ianzie katika karatasi, kabla kompyuta haijaguswa. Tuchukue chama kinachopokea mazao kwa bei ya shilingi 2,000 kwa kilo na kukata ushuru wa asilimia 3. Mkutano Mkuu unaamua kwamba kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao ushuru uwe shilingi 50 kwa kilo. Katibu akimwagiza fundi kwa simu, "badilisha ushuru uwe hamsini," na fundi akampa msaidizi maneno hayo hayo, msaidizi atatii upesi, na huenda akabadilisha kila mahali panapokokotolewa ushuru, pamoja na mazao yaliyopokelewa kabla ya tarehe mosi. Mwanachama aliyeleta kilo 84 kabla ya tarehe hiyo na kilo 60 baada yake anapaswa kukatwa shilingi 5,040 na shilingi 3,000, jumla 8,040. Programu iliyobadilishwa ovyo itamkata 7,200. Tofauti ni shilingi 840 tu. Kwa wanachama 400 wa namna hiyo ni shilingi 336,000 ambazo hazimo katika sanduku la chama, na atakayeulizwa ni katibu, si kompyuta.

Kwa sababu hiyo mpango ulioandikwa wapaswa kutaja kinachobadilika, tarehe ya kuanza, na kisichoruhusiwa kuguswa. Tena uwe na mifano mitano au sita iliyokokotolewa kwa mkono na karani wa hesabu, ukiwamo ule wa mwanachama aliyeleta mazao pande zote mbili za tarehe, wa aliyepimiwa siku yenyewe ya mosi, na wa mwenye deni la pembejeo. Mifano hiyo ndiyo mizani ya kazi yote. Isiandikwe na msaidizi, wala asipewe ruhusa ya kuirekebisha, kwa maana akishindwa kupata jibu anaweza kubadilisha jaribio badala ya kubadilisha programu, kisha akatoa taarifa kwamba yote yamefaulu. Makarani waliopata kulazimisha mizania ikubali wataielewa tabia hii mara moja.

Ni vema msaidizi aagizwe kwanza aeleze atakachofanya, bila kuandika chochote, na fundi asome maelezo hayo akiwa na mpango mkononi. Mabadiliko nayo yafanywe kidogo kidogo, ushuru peke yake, orodha ya benki peke yake, na kila hatua iwekwe katika kumbukumbu ya Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo huonyesha mstari uliobadilishwa, nani aliubadilisha na lini, na huwezesha kurudi nyuma. Fundi asiyeweza kuonyesha kumbukumbu hiyo asipewe kazi ya chama.

Kumbukumbu ya Git hulinda maagizo ya programu. Hailindi hesabu zenyewe. Mwezi Julai 2025, huko Marekani, msaidizi wa kampuni ya Replit alifuta hifadhi ya taarifa iliyokuwa ikitumika, ingawa mwenye kazi alikuwa ameagiza kwamba pasifanywe mabadiliko yoyote. Msaidizi huyo alidai pia kuwa haiwezekani kuzirudisha, na dai hilo halikuwa kweli. Agizo la maneno, basi, si kufuli. Msaidizi afanye kazi katika nakala ya majaribio, asipewe nywila ya hifadhi halisi, na nakala ya akiba iwepo mahali pengine, iliyokwisha kujaribiwa kurudishwa. Nakala ya majaribio itumie majina na namba za kubuni: nchini Kenya sheria ya mwaka 2019, na nchini Tanzania sheria ya mwaka 2022, hulinda taarifa binafsi za watu, na mwanachama hakukabidhi namba yake ya simu ili isafirishwe ng'ambo.

Uzito wa jambo hili ulionekana Uingereza. Kati ya 1999 na 2015 wasimamizi wa posta ndogo zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa upungufu wa fedha, wengi wao kwa kutegemea hesabu za mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, ambao ulikuwa na dosari. Wako waliokana, lakini kompyuta ikaaminiwa. Sheria ya kufuta hatia hizo ilipitishwa mwaka 2024. Akili mnemba haikuhusika hapo. Waliohusika ni wakubwa waliokataa kwamba mfumo unaweza kukosea.

Mabadiliko yasiingizwe katika juma la malipo. Kwa siku moja ya mnada, programu ya zamani na mpya ziendeshwe sambamba, na kila tofauti ielezwe kwa maandishi. Aliyeandika mabadiliko asiwe ndiye anayeyaidhinisha, kama vile anayeandika hundi asivyoisaini peke yake. Mpango, mifano ya mkono na maelezo ya tofauti vitiwe sahihi na katibu, fundi na mjumbe mmoja wa bodi, kisha viwekwe katika jalada moja na muhtasari wa mkutano uliopitisha ushuru, ili mkaguzi avikute pamoja.