Chumvi, Sukari na Maji: Somo Katika Elimu ya Kemia



Katika darasa letu aliinuka kijana mmoja akauliza: "Sisi tuna faida gani na elimu ya kemia? Je, si elimu ya watengenezao sumu na mabomu?" Swali hili ni la haki, na wenye kulificha moyoni ni wengi kuliko wenye kulitamka. Hatukanushi kwamba sumu imetengenezwa kwa elimu hiyo. Lakini kisu kikatacho mkate ndicho kimjeruhicho mtu, na lawama ni ya mkono ulioshika. Leo tutajibu kwa mfano mmoja, ambao vitu vyake vimo jikoni mwa kila mmoja wetu.

Mwenye kipindupindu hutokwa na maji na chumvi za mwili kwa kasi kubwa, hata mtu mzima mwenye nguvu zake aweza kufa kwa muda wa saa chache. Kimwuacho ni kukaukiwa. Tiba ya zamani ilikuwa kumtilia maji ya dawa katika mishipa. Tiba hiyo ni njema hata leo kwa aliyezidiwa, lakini yataka sindano, maji yaliyotakaswa na mkono wa mtaalamu; na masikini aliye mbali na hospitali atavipata wapi? Maji matupu hayarudishi chumvi iliyopotea, na maji ya chumvi peke yake utumbo mgonjwa hauyapokei vizuri.

Mwaka 1960, katika mkutano wa wataalamu mjini Prague, Robert Crane wa Marekani alieleza jinsi ukuta wa utumbo unavyopitisha sukari iitwayo glukosi. Glukosi huingia pamoja na sodiamu, iliyo sehemu ya chumvi, mfano wa wasafiri wawili wasioruhusiwa mlangoni ila wameshikana mikono. Wakiisha kuingia, maji huwafuata. Na ajabu ni kuwa mlango huo hubaki wazi hata kwa mwenye kipindupindu. Mwaka 1968, mjini Dhaka, madaktari David Nalin na Richard Cash walithibitisha kwa wagonjwa kwamba maji yenye chumvi na glukosi, yakinywewa kwa kadiri ya yale yanayopotea, huokoa maisha.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh. Wakimbizi walijazana katika kambi za Bangaon, nchini India, na kipindupindu kikawaingilia. Maji ya mishipa yalipokaribia kwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamuru ichanganywe glukosi gramu 22, chumvi ya kula gramu 3.5 na magadi ya kuokea gramu 2.5 katika kila lita moja ya maji, kisha jamaa za wagonjwa wakawanywesha wenyewe kwa vikombe. Hapo kabla walikuwa wakifa kati ya watu 20 na 30 katika kila 100. Chini ya uangalizi wake wakafa pungufu ya 4.

Basi tuzingatie: chumvi ilikuwapo, sukari ilikuwapo, na maji yalikuwapo tangu zama za babu zetu. Kilichokosekana ni kujua kipimo. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Sukari ikizidi huvuta maji kuyarudisha utumboni, na kuharisha kukaongezeka. Kemia ni elimu ya vipimo kabla ya kuwa elimu ya mitungi na moto. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliendelea kuchunguza, hata mwaka 2002 likapunguza kipimo: pakiti ya leo ya ORS ina gramu 20.5 kwa lita moja.

Tena elimu isiyofika nyumbani ni taa iliyofunikwa. Kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC la Bangladesh lilituma wanawake kwenda nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya maji hayo, na katika muda wa miaka kumi walifikia nyumba zaidi ya milioni 12. Ujira wa mwalimu ulitegemea yale ambayo mama aliyakumbuka baadaye. Waalimu wenzangu, tujipime kwa mizani hiyo!

Nasi hatuko mbali na jambo hili. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971, na kimerudi mara nyingi, ukiwamo mlipuko ulioanza mwaka 2022. Nilipokuwa mdogo niliwasikia watu wazima wakimkataza mama kumpa maji mtoto anayeharisha, ati yatamzidishia. Walisema kwa mapenzi, lakini mapenzi bila elimu hayamwokoi mtoto.

Kwa hiyo hifadhini haya. Itumiwe pakiti ya ORS kama ilivyoandikwa. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, wala visiwe vya kurundika. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, na anyonyaye asiachishwe ziwa. Yaliyobaki baada ya siku moja yamwagwe. Akilegea, au akishindwa kunywa, apelekwe hospitali bila kukawia.

Na kinga ni bora. Choo kisichimbwe karibu na kisima, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Maji ya tope yachujwe kwanza, kwani klorini hupotelea katika uchafu kabla ya kuvimaliza vijidudu.

Hili ndilo jibu la kijana wetu. Na kila aliyesoma somo hili ana deni la kulifikisha kwa nyumba moja ambayo haikulisoma. Wabillahi tawfiki.