Jinsi Mipasuko ya Ardhi Inavyokua na Kuungana

Alfajiri ya tarehe 28 Juni 1992, tetemeko kubwa la ardhi lilitokea karibu na Landers, katika jangwa la Mojave, jimbo la California, Marekani. Ukubwa wake ulikuwa 7.3. Wanajiolojia walipoufuata ufa uliojitokeza juu ya ardhi, waliukuta una urefu wa kilomita 85 hivi, na mahali pengine ardhi ilikuwa imesogea kiasi cha mita 6. Hata hivyo, ramani za sehemu hiyo hazikuonyesha mpasuko mmoja wenye urefu huo. Zilionyesha mipasuko kadhaa mifupi, iliyotenganishwa na mapengo. Yawezekanaje mipasuko iliyo mbalimbali ikavunjika kwa pamoja?

Mpasuko ni mahali ambapo miamba imevunjika na upande mmoja ukasogea kando ya mwingine. Katika mipasuko mingi ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, upande mmoja hushuka chini. Lakini iko mipasuko ambayo pande zake husogea ubavu kwa ubavu, kama watu wawili wapishanao njiani. Hiyo yaitwa mipasuko ya mtelezo, na ndiyo inayohusika hapa.

Chanzo chake chaweza kuonyeshwa darasani. Mbao mbili ziwekwe mezani zikiwa zimegusana ubavu, kisha juu yake utandazwe udongo wa mfinyanzi uliolowa, wenye unene wa sentimita 3 hivi. Ubao mmoja usukumwe polepole kando ya mwenzake. Mwanzoni hautaonekana ufa mmoja ulionyooka, bali nyufa ndogo nyingi, zilizolala mshazari zikifuatana safu moja. Ubao ukizidi kusukumwa, nyufa hizo hurefuka na kukaribiana, kisha nyufa nyingine hukata katikati na kuziunganisha. Mwishowe hubaki njia moja inayopita katika udongo wote.

Katika miamba hutokea mambo kama hayo, ila huchukua muda mrefu mno. Nguvu nyingi hukusanyika kwenye ncha za mpasuko, na hapo ndipo miamba huvunjika zaidi. Ncha za mipasuko miwili zikikaribiana, miamba iliyo katika pengo hubanwa au huvutwa, kulingana na upande ambao mpasuko wa pili umekaa. Ikibanwa, ardhi huinuka na kufanya vilima. Ikivutwa, ardhi hudidimia na kufanya bonde. Bahari ya Chumvi, ambayo uso wake uko zaidi ya mita 400 chini ya usawa wa bahari, imelala katika bonde la namna hiyo.

Jibu la swali la Landers limo katika mapengo hayo. Kati ya mpasuko wa Johnson Valley na ule wa Homestead Valley ulikuwapo mpasuko mfupi wa kuunganisha, na mtelezo ulipita hapo kama mtu avukaye mto kwa daraja. Kwa njia hiyo tetemeko liliendelea kutoka mpasuko mmoja hadi mwingine, hata mitano ikahusika.

Jambo hili lina maana kubwa kwa usalama wa watu. Kwa kawaida, kadiri sehemu inayovunjika inavyokuwa ndefu, ndivyo tetemeko linavyokuwa kubwa. Mhandisi akiupima kila mpasuko peke yake, aweza kujenga daraja au bwawa lisiloweza kuhimili tetemeko litakalotokea. Hapana budi apime na upana wa mapengo. Uchunguzi wa matetemeko mengi waonyesha kuwa mtelezo huvuka mara nyingi mapengo membamba, lakini ni nadra kuvuka pengo lenye upana unaozidi kilomita 5 hivi.

Basi mstari uliokatika katika ramani usichukuliwe kuwa ni mwisho wa mpasuko. Huenda chini ya ardhi mistari miwili imekwisha kuwa mmoja.