Msitu ulioungua haujafa: somo kwa waliohama na kwa wenyeji wao



Kila mwaka, wakati wa kiangazi hadi mvua za kwanza, moshi unafunika vilima vya Haut-Katanga na Tanganyika. Watu wameuzoea. Lakini mahali ambapo familia zilizokimbia vita zimepokelewa na wenyeji, moto wa pori hauchomi majani peke yake. Unachoma pia ujirani. Asubuhi yake swali la kwanza ni: «Nani amewasha?» Na mara nyingi jibu liko tayari kabla ya mtu yeyote kwenda kutazama.

Somo hili ni kwa ajili ya wakimbizi wa ndani, wenyeji wao, machifu, makapita na kamati za kambi. Mnaweza kulifanya kwa saa 2: saa moja chini ya mti, saa nyingine porini. Mwishoni, washiriki wataweza:

- kueleza kwa nini moto wa mwezi wa 6 si sawa na moto wa mwezi wa 10;
- kutambua kisiki kilicho hai chini ya majivu na kukisaidia kukua;
- kuanza mapatano juu ya moto, kuni na makala kati ya waliohama na wenyeji.

HADITHI YA KUFUNGUA MAZUNGUMZO

(Hadithi hii tumeitunga kwa ajili ya somo. Isomeni kwa sauti.)

Kijiji kimoja kilipokea familia nyingi zilizokimbia mapigano. Kapita akawapa mahali pa kujenga, pembeni mwa msitu. Mashamba hayakuwatosha, basi wengi wakaanza kuchoma makala. Mwaka wa pili mvua zilikatika mapema. Mwezi wa 10, upepo ukavuma usiku, moto ukapita msituni. Mizinga ya nyuki ikaungua, na ghala moja la mahindi likaungua pia.

Asubuhi vijana wa kijiji walikusanyika na mapanga. «Mbele hawa hawajafika, msitu huu haukuungua hivi,» walisema.

Kapita akawaambia wangoje. Akaenda kambini kumwita mama mmoja aliyekuwa katika kamati.

«Mzee,» yule mama akasema, «makala tunachoma, hatukatai. Lakini usiku ule tanuri zetu zilikuwa zimekwisha kuzimwa.»

«Mama, sikuja kukuhukumu. Twende tuone moto umetokea wapi.»

Walitembea pamoja, na vijana wakafuata nyuma. Kapita, aliyekuwa mwindaji zamani, aliwaonyesha jinsi ya kusoma alama. Moto unaosukumwa na upepo huacha weusi unaopanda juu zaidi kwenye upande wa mti unaotazama kule moto ulikokuwa unakwenda. Wakafuata alama hizo kinyume, mpaka kwenye njia inayopitwa na watu wote. Pembeni ya njia walikuta mashimo ya panya wa pori, yamechimbuliwa, na majani yaliyowashwa ili kuwatoa panya. Ni nani aliyewinda pale? Haikujulikana. Shimo la panya halisemi lugha ya aliyelichimba.

Walirudi kimya. Wiki tatu baadaye, kabla mvua haijanyesha vizuri, yule mama alipita pale tena. Penye visiki vyeusi aliona machipukizi mekundu. Akaenda kumwita kapita.

Simameni hapa kwanza. Waulizeni washiriki: mambo kama haya yamewahi kutokea kwetu? Ni nini kiliwazuia vijana wasitumie mapanga?

MOTO UNATOKA WAPI?

Radi inaweza kuwasha pori, lakini kwetu radi huja pamoja na mvua, na majani yakilowa moto hauendi mbali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya moto wa kiangazi inatoka mikononi mwa watu: kusafisha shamba, kuwinda, kurina asali, kutafuta majani mapya kwa mifugo, tanuri la makala lisilolindwa, sigara njiani. Watu wa kambi wanafanya baadhi ya mambo haya. Wenyeji pia. Kabla ya kutafuta mkosaji, andikeni orodha hii pamoja na kila mmoja ataje lile analolifanya yeye mwenyewe.

Ukame hauwashi moto, ila unautayarishia chakula. Majani yanakauka mapema, matawi yaliyoanguka yanakauka hadi ndani, vijito vilivyokuwa vinazuia moto vinakuwa njia kavu. Msimu wa mvua wa 2023 na 2024 ulionyesha jambo hili kusini mwa Afrika. Mvua zilikosekana wakati mahindi yanahitaji maji, na Zambia, jirani yetu, ilitangaza janga la taifa tarehe 29 mwezi wa 2, 2024. Katika mwaka wa namna hiyo, njaa inapeleka watu wengi zaidi porini kutafuta makala ya kuuza, na pori lenyewe liko tayari kuwaka. Hatari mbili zinakutana siku moja.

KILICHO HAI CHINI YA MAJIVU

Msitu wa kusini-mashariki mwa Kongo unaitwa miombo. Umeenea pia Zambia, Tanzania, Angola, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe. Miti yake imeishi na moto kwa muda mrefu, na nguvu yake kubwa iko chini ya ardhi.

Mche wa muombo unapoota, kwa miaka kadhaa huonekana kama hauendelei. Kiangazi kikifika, shina lake dogo linakauka au linaungua. Mvua zikija, linatoka lingine. Mtu anadhani ni mche wa mwaka huu, kumbe mzizi wake ni wa miaka mingi. Mtafiti wa Zambia Emmanuel Chidumayo amelieleza vizuri jambo hili: mche unakuza mizizi kwanza, na siku ukipata nafasi ndipo unapanda juu. Miti mikubwa iliyokatwa au kuungua nayo inachipua kutoka kwenye kisiki na kwenye mizizi.

Ndiyo sababu shamba la miombo lililoachwa linaweza kuwa msitu tena bila mtu kupanda hata mti mmoja. Katika mahali pengi wingi wa miti unarudi baada ya miaka 20 hadi 30 hivi, kama visiki na mizizi havikung'olewa na moto mkali haurudi kila mwaka. Aina zote za miti ya zamani huchukua muda mrefu zaidi.

Familia zitakazorudi makwao zikumbuke hili: shamba mlilolikimbia miaka kumi iliyopita huenda leo ni msitu mchanga. Mpaka wake hauonekani tena. Kabla ya kufyeka, itaneni na majirani na wazee wanaoukumbuka mpaka huo.

MOTO WA MAPEMA NA MOTO WA KUCHELEWA

Mwaka 1933, karibu na Ndola nchini Zambia, si mbali na mpaka wa Katanga, watu wa idara ya misitu walianza jaribio. Waligawanya miombo katika vipande vya namna tatu. Kipande cha kwanza kilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi. Cha pili kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Cha tatu kililindwa kabisa. Waliendelea hivyo miaka mingi, na matokeo yalionekana kwa macho:

- Palipochomwa mapema, miti mikubwa ilibaki, na miche iliendelea kukua.
- Palipochomwa kwa kuchelewa, miti ilikufa kidogo kidogo, na mahali pakawa nyasi ndefu na miti michache migumu.
- Palipolindwa, msitu ulifunga, na miti inayobaki na majani mabichi mwaka mzima ikaanza kuingia.

Kwa nini tofauti hiyo? Mwezi wa 5 na wa 6 majani ya chini bado yana maji kidogo, usiku ni wa baridi, na umande upo. Moto unatembea polepole na kuzimika wenyewe. Mwezi wa 9 na wa 10 kila kitu ni kikavu na upepo ni wa nguvu. Tena wakati huo miombo inatoa majani yake mapya mekundu, kabla ya mvua. Mti umekwisha kutumia akiba ya mizizi yake. Moto ukiyachoma majani hayo, unampokonya mgonjwa sahani ya mwisho.

Basi moto mmoja hauui miombo. Kinachoiua ni moto wa kuchelewa unaorudi kila mwaka.

ANGALIENI: MSITU WA MVUA SI MIOMBO

Wanaoishi Tshopo, Ituri au misitu minene ya Kivu wasichukue mafundisho ya hapo juu jinsi yalivyo. Miti ya msitu wa mvua ina ganda jembamba na haikuzoea moto. Hata moto mdogo unaotambaa chini unaweza kuua miti mikubwa, na msitu uliofunguliwa hivyo unakauka na kuungua kwa urahisi zaidi mara ya pili. Huko hakuna «kuchoma mapema» msituni. Kuna kuzuia moto usiingie.

Msitu wa namna hiyo nao unarudi, kwa njia nyingine. Kwanza unakuja mkombokombo, mti wa majani mapana kama mwavuli. Unakua haraka, unatia kivuli, na baada ya miaka 20 hivi unakufa na kuwaachia wengine nafasi. Mbegu za miti mingine zinaletwa na ndege, popo, nyani na tembo. Kwa hiyo pale wanyama walipomalizwa, na pale msitu wa jirani ulipokatwa wote, kurudi kunachelewa.

KAZI YA MIKONO (kwa miombo)

Kwanza ulizeni kama njia ni salama. Wanawake na wasichana wasitumwe peke yao. Halafu nendeni pamoja, watu wa kambi na wa kijiji.

1. Tafuteni kisiki kilichoungua. Kwaruzeni ganda karibu na ardhi kwa kisu. Ndani pakiwa na unyevu na rangi ya kijani au nyeupe, kiko hai.
2. Kama kina machipukizi mengi, chagueni 2 hadi 4 yaliyonyooka na yenye nguvu. Kateni mengine. Hayo ni kuni za leo.
3. Kateni matawi ya chini ya yale mliyoyaacha, lakini msipite nusu ya urefu wake.
4. Ondoeni majani makavu kuzunguka kisiki, ili moto usipate njia. Zuieni mbuzi.
5. Rudini baada ya miezi michache, mkate machipukizi mapya yasiyohitajika.

Kuzunguka kambi na kijiji, safisheni ukanda wa mita 5 hadi 10 usio na majani kabla ya mwezi wa 7. Nyumba za majani na turubai zinashika moto kwa dakika chache. Mkikubaliana kuchoma mapema, chomeni sehemu ndogo, jioni, upepo ukiwa umetulia, watu wakiwa na matawi mabichi na maji mkononi. Mwaka wa ukame, anzeni mapema zaidi. Majani yakiwa yamekwisha kukauka, msichome.

MAPATANO: MFANO WA SHINYANGA

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mbele ya Tabora, kuna Shinyanga. Ilikuwa imekauka kiasi cha kuitwa jangwa la Tanzania, baada ya misitu kufyekwa ili kuondoa mbung'o na kupata mashamba. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango ulioitwa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Badala ya kutegemea kupanda miti tu, walirudia desturi ya Wasukuma inayoitwa ngitili: kufunga sehemu ya ardhi ili majani na miti irudi yenyewe, na kuifungua wakati wa shida. Sheria ziliwekwa na mkutano wa jadi wa wanakijiji, dagashida. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000.

Miti ilirudi kwa sababu watu walikubaliana, wakaona faida: kuni, asali, dawa, majani ya ng'ombe mwezi wa njaa.

Kwetu kuna shida moja ya kuangaliwa. Mwenyeji akifunga msitu, bado ana shamba. Aliyehama hana. Ukimfungia msitu bila kumpa njia nyingine ya kupata kuni na chakula, ataingia usiku, na hapo ndipo moto na ugomvi vinapozaliwa. Mapatano mazuri yanajibu maswali haya yote kwa pamoja:

- Sehemu gani inafungwa, na kwa miaka mingapi?
- Sehemu gani imeachwa wazi kwa kuni za kambi, na tanuri za makala ziwekwe wapi?
- Nani anaruhusu kuchoma, na mwisho ni tarehe gani?
- Uyoga, viwavi na asali vitakavyopatikana ndani vitagawanywaje?
- Moto ukitokea, nani anapiga ngoma, na nani wa pande mbili watakwenda kuufuata mpaka ulipoanzia kabla mtu yeyote hajashtakiwa?

Swali la mwisho msiliache. Chagueni watu hao leo, wakati hakuna moshi.

Machifu wajue pia kwamba Kanuni ya Misitu ya tarehe 29 mwezi wa 8, 2002 inatambua haki za wananchi kutumia msitu, na amri ya serikali ya 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake hadi hekta 50,000.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika hadithi, kapita angefanya nini kama ingejulikana kwamba mwindaji ni mtoto wake mwenyewe?
2. Mwaka jana pori letu liliungua mwezi gani? Mara ngapi kwa miaka mitano?
3. Waliohama wana maarifa gani ya misitu ya kwao ambayo wenyeji hawajawahi kuyauliza?
4. Ni kipande gani kidogo tunachoweza kukifunga pamoja kuanzia mvua zijazo?

Mkimaliza, chagueni kisiki kimoja karibu na njia ya kwenda majini, mkifungie kitambaa. Kikabidhini kwa watu wawili, mmoja wa kijiji na mmoja wa kambi. Baada ya masika mbili, kusanyikeni tena pale pale na mkipime.