Ufizi Mgonjwa au Kansa ya Kinywa?

Ndugu, ukitema mate yenye damu wakati wa kupiga mswaki, usiogope upesi, wala usidharau. Tazama kinywa chako kwa kioo, mahali penye mwanga.

Ugonjwa wa ufizi hufuata kando ya meno, mara nyingi meno mengi. Ufizi huwa mwekundu, huvimba, hutoka damu, na kinywa hunuka. Asili yake ni ukoga. Ukipiga mswaki vizuri asubuhi na jioni, mara nyingi damu hupungua kwa majuma 2.

Kansa kwa kawaida huanza mahali pamoja: kidonda kisichopona, alama nyeupe au nyekundu, au uvimbe mgumu. Pengine haiumi mwanzoni, na kwa hiyo wengi hukawia. Tumbako na pombe huongeza hatari yake.

Basi, hesabu majuma. Kidonda kikipita majuma 3, au jino likilegea bila sababu, au uvimbe ukitokea shingoni, njoo hospitali. Kipande kidogo cha nyama kitakatwa, kipimwe kwa darubini. Macho peke yake hayatoshi, hata macho yetu sisi wauguzi. Usingoje maumivu.