Utii na Ridhaa: Jeshi la Wajerumani na Wenyeji wa Kilwa, 1890–1907

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza iwapo jeshi lililoikalia nchi kwa nguvu laweza kuungwa mkono na wenyeji. Mfano unaotumika ni Kilwa wakati wa Wajerumani, tangu pwani ya Kilwa Kivinje hadi nchi ya Wangindo, upande wa Likawage na Liwale. Inadaiwa hapa kwamba dhana mbili zinazochanganywa mara kwa mara, yaani utii na ridhaa, hazina budi kutenganishwa.

2.0 Washirika wa Pwani

Vikosi vya Hermann von Wissmann viliitwaa Kilwa mwaka 1890. Upinzani wa Hassan bin Omari Makunganya ulikomeshwa mwaka 1895, naye akanyongwa Kilwa Kivinje. Hata hivyo, Wajerumani hawakutegemea bunduki peke yake. Waliwapa baadhi ya watu wa pwani vyeo vya uakida, wakafungua shule za serikali, na wakakitumia Kiswahili katika shughuli za utawala. Waliopata vyeo hivyo walipata pia mshahara na heshima, na wengi wao waliutumikia utawala kwa uaminifu. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Wajerumani hawakuungwa mkono na mtu yeyote.

3.0 Mzigo wa Watu wa Bara

Tatizo ni kwamba uaminifu huo uligharimiwa na watu wengine. Akida ndiye aliyekusanya kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1898, na ndiye aliyesimamia kazi ya lazima katika mashamba ya pamba. Malipo ya kazi hiyo yalikuwa madogo mno hata wengine wakakataa kuyapokea. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbi, waling'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mwezi uliofuata boma la Liwale liliangushwa. Walioshambuliwa hawakuwa Wajerumani tu, bali pia maakida na wafanyabiashara wa pwani.

Jeshi lilijibu kwa kuchoma vijiji, mazao na maghala, hata njaa ikawa silaha. Serikali ya Kijerumani ilikadiria vifo 75,000, ilhali mwanahistoria G.C.K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Kufikia mwaka 1907 utii ulikuwa umepatikana. Lakini Gavana Albrecht von Rechenberg, aliyeshika madaraka mwaka 1906, hakuyarudisha mashamba yale ya lazima. Hatua hiyo yaonyesha kuwa watawala wenyewe walitambua kwamba kushinda vita hakukutosha.

4.0 Hitimisho

Mfano wa Kilwa waonyesha kwamba jeshi vamizi laweza kupata washirika, na laweza kulazimisha utii. Ridhaa ya umma ni jambo jingine. Pale ambapo faida ya wachache hulipwa kwa jasho la walio wengi, kila mshirika anayepatikana huongeza idadi ya maadui. Mahali aliponyongewa Makunganya pamejulikana kwa jina la Mwembe Kinyonga. Jina hilo ni ushahidi kwamba watu waliotii hawakusahau.